Vizuia Theluji vya Nabuyoga

Kwa karibu miaka thelathini nimeezeka nyumba pande zote mbili za mpaka, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuombwa karatasi. Mwenye nyumba alinipeleka penye kuta zake, mimi nikafunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikaizunguka nyumba mara moja kwa hatua zangu, nikasimama, nikatazama juu kidogo kwa heshima ya kazi, kisha nikatamka: mabati kadhaa, mbao kadhaa, misumari kilo kadhaa. Ningeweza kuyatamka hayo hata kabla sijamaliza kuzunguka, lakini watu hawapendi hesabu inayokuja haraka. Wanadhani umeiokota njiani.

Hivyo ndivyo nilivyojulikana, kuanzia Busia ya kwetu na Busia ya upande wa pili mpaka Tororo: fundi anayekadiria kwa miguu. Nilijifunza nikiwa bado na nywele zote kichwani. Hatua yangu moja ni futi tatu kamili, nilikuwa nikiwaambia watu, na hakuna aliyenibishia, labda kwa sababu kila nyumba niliyoiezeka miaka ya karibuni ilibakisha mabati. Kubakisha ni dalili ya fundi mkarimu. Hilo nalo nilikuwa nikiwaambia watu.

Kisha akatokea mkandarasi mmoja wa Tororo, mtu nadhifu sana, mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na matope. Tuliitwa sote wawili kukadiria paa la ukumbi fulani wa kanisa. Mimi nilizunguka, nikatamka. Yeye alipiga picha, akaondoka, akarudi kesho yake na kitabu. Sitanii, kilikuwa na jalada. Wazee wa kanisa walikipokea kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, kama wanapokezana mtoto wa kubatizwa. Mimi nikapewa soda na maneno ya baraka, nikaenda zangu.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kutusalimu baada ya ibada. Yeye ni karani wa mawakala wa forodha pale Malaba, anaandika makaratasi ya malori tangu asubuhi hadi jioni, na kwa hivyo anaamini kwamba kitu kisichoandikwa hakipo duniani. Alinikuta nikiandika makadirio ya jiko la jirani juu ya kipande cha mfuko wa saruji.

"Shem, hii ni nini?"

"Makadirio."

"Haya ni makadirio ama ni ya kufungia mandazi?"

Mke wangu alicheka kuliko ilivyohitajika. Nikawaeleza habari ya ukumbi wa kanisa, nikitarajia kuonewa huruma. Shemeji akaniuliza swali moja tu: "Na unadhani yule jamaa alikiandika hicho kitabu mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoijua akili unde. Shemeji alisema ofisini kwao wanaitumia kuandika barua ambazo zamani zilimaliza siku nzima. Unaipa picha, unaipa maneno mawili matatu, inakuandikia mpaka unaona aibu. Nilimwambia simu yangu ni mulika mwizi, inajua kupiga, kupokea na kumulika. Akaniambia hilo si tatizo, akanipa simu yake ya zamani, ile yenye ufa kona moja, na alasiri nzima akanifundisha. Nilifundishwa kama mtoto wa chekechea, huku mke wangu akirudia kila agizo kutoka jikoni, ili nisije nikasema sikusikia.

"Unapima mlango mmoja tu," shemeji alisema. "Mmoja, kwa futi, kwa utepe, shem, si kwa miguu. Kisha unapiga picha kila upande. Mengine itajijazia."

"Itajijaziaje?"

"Wewe paa linakaaje juu bila kuanguka? Si unajua mwenyewe? Haya, nayo inajua yake."

Hilo lilikuwa jibu ambalo mimi mwenyewe ningempa mteja. Nikaichukua simu.

Haikupita wiki mbili nikaitwa Nabuyoga, kijijini nje ya Tororo. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mjane, ambaye alikuwa amejenga kuta zake kwa miaka sita, safu ya matofali kila alipovuna. Alipiga simu mwenyewe. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, na neno lake la mwisho lilikuwa: "Fundi, nataka makadirio yaliyoandikwa."

"Bila shaka, Madam," nikasema, kana kwamba sijawahi kutoa mengine.

Nilikwenda na mwenzangu wa mbao. Huyu ni Mjapadhola wa Tororo, Kiswahili amekiokota kazini, tumefanya kazi pamoja miaka ishirini, mimi na mabati, yeye na mbao, na katika muda huo wote amezungumza maneno machache kuliko ninayozungumza mimi kwa asubuhi moja. Alinipokea Tororo mjini, tukakodi boda moja sote wawili, tukafika Nabuyoga tukiwa rangi moja na barabara.

Madam alitukaribisha, akatuonyesha nyumba, akarudi barazani kuchambua karanga zake. Mimi nikatoa utepe, nikapima mlango, nikatoa simu. Mwenzangu akanitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake akivaa sketi.

"Sasa wewe nafanya nini?"

"Napiga picha. Hii simu itafanya makadirio."

"Hii simu iko najua mabati?"

"Inajua kila kitu."

Akamwelekezea kidole ng'ombe wa Madam aliyelala penye ukuta. "Basi mwambie ng'ombe atoke. Itaweka yeye kwa hesabu."

Tulimswaga ng'ombe. Nilipiga picha kumi na kitu, nyingine zikiwa na kidole changu. Kisha kwa mazoea, na kwa sababu sikutaka Madam adhani nimesahau kazi, nikafunga mikono nyuma nikaizunguka nyumba kwa hatua. Nikasimama mbele yake, nikatazama juu, nikatamka: "Madam, hii ni mabati mia moja na nne. Karatasi italeta maelezo mengine." Akaandika pembeni ya gazeti lake. Mimi sikulitilia maanani lile tendo la kuandika. Laiti ningelitilia.

Nyumbani niliiagiza simu kama nilivyofundishwa. Ilifikiri kwa muda ambao mimi huchukua kukohoa, ikaanza kumwaga maneno. Yalikuja kwa Kiingereza, kurasa kwa kurasa, na vichwa vya habari na majedwali. Niliyapeleka kwa wachapishaji wa Busia, wakanitolea kurasa kumi na moja zenye jalada la plastiki na picha ya nyumba ya Madam mbele, bila ng'ombe. Sijawahi kuzaa kitabu, lakini siku ile nadhani niliijua ladha yake. Nilikibeba kifuani. Kukisoma? Nani asome kitabu alichokiandika mwenyewe?

Tukarudi Nabuyoga. Madam alituketisha barazani, akatuletea chai, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Ile kalamu ilinirudisha darasa la nne mara moja. Nikajikuta nimekaa wima. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Mwenzangu alikunywa chai yake yote, akaanza yangu. Kwenye ukurasa wa tano kalamu ikasimama.

"Fundi."

"Naam, Madam."

"Hapa umeniandikia vizuia theluji, arobaini na vinane, vya chuma, vya kufungwa juu ya ukingo wa paa ili theluji isiporomoke na kuumiza wapita njia." Akanitazama juu ya miwani. "Theluji inafika lini Nabuyoga?"

Nataka kusema kwamba nilikiri papo hapo. Lakini hizi ni kumbukumbu zangu, na mtu akianza kudanganya kwenye kumbukumbu zake mwenyewe, atamwambia nani ukweli? Nilisema: "Madam, ni tahadhari. Hali ya hewa siku hizi imebadilika sana."

Mwenzangu akaweka kikombe chini.

"Imebadilika," Madam akasema.

"Sana."

Alinitazama kwa muda mrefu, muda ambao mwalimu huwapa watoto ili waongo wajiondoe wenyewe. Nikaivua kofia. "Madam," nikasema mwishowe, "sijui. Hicho kitabu kimeandikwa na simu. Mimi sijakisoma."

Hakukasirika. Aliinuka, akaenda kwenye kibanda cha nyuma alichokuwa akiishi, akarudi na faili. Ndani ya faili kulikuwa na kitabu kingine chenye jalada la plastiki, chenye picha ya nyumba ileile mbele, hii ikiwa na ng'ombe. Kilikuwa cha yule mkandarasi wa Tororo mwenye viatu safi. Naye alikuwa ameitwa, wiki moja kabla yangu. Madam akakifungua mahali palipokuwa na alama nyekundu, akanipa nisome. Vizuia theluji, vya chuma, ili theluji isiporomoke na kuumiza wapita njia. Neno kwa neno. Hata wapita njia walikuwa walewale.

"Nilimuuliza yeye pia," Madam akasema. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akanieleza kwa nusu saa kwamba ni mtindo wa kisasa, na kwamba nyumba bila vizuia theluji siku hizi haionekani kumalizika. Nusu saa, fundi. Wewe umechukua dakika mbili kusema hujui. Kwa wanaume wa ujenzi hiyo ni mbio."

Nilicheka, nikidhani mambo yameisha na yameisha vizuri. Hayakuwa yameisha. Alifungua ukurasa wa tisa wa kitabu changu, akafungua na gazeti lake la siku ile.

"Hapa simu inasema mabati themanini na sita. Wewe kwa mdomo wako ulisema mia moja na nne. Ninunue ya nani?"

"Yangu," nikasema, bila hata kupumua. Sasa hapa nilikuwa kwenye uwanja wangu. "Madam, theluji nimekubali. Lakini hesabu ya mabati ni kazi ya maisha yangu. Simu haijawahi kupanda paa."

"Tupime."

Akaenda tena kibandani, akarudi na utepe mrefu wa kupimia kiwanja cha michezo, wa siku zake za shule, uliokuwa umezungushwa kwenye ubao. Mwenzangu akashika mwanzo, Madam akashika mwisho, wakaizunguka nyumba yote, yule mama akitaja namba kwa sauti na kuziandika. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimefunga mikono nyuma, nikitabasamu. Ni vizuri kumwacha mtu ajithibitishie.

Alipiga hesabu mara mbili. Simu ilikuwa sahihi. Si karibu na sahihi, ilikuwa sahihi.

Nikasema utepe umerefuka kwa uzee. Nikasema ardhi pale imeinama. Madam hakubishana nami, aliulaza utepe chini kwenye nyasi, akasema, "Tembea hatua kumi, fundi. Kama unavyotembea siku zote." Nikatembea. Nilitembea kwa fahari, kama gwaride. Akainama, akasoma, akanionyesha. Hatua kumi zilipaswa kuwa futi thelathini. Zilikuwa ishirini na tano.

Nikarudia. Mara hii nikanyoosha mguu, na kiuno upande wa kushoto kikanichoma kama kawaida yake, nikarudi kwenye hatua yangu. Ishirini na tano tena.

Miaka minane kabla ya siku hiyo nilianguka kutoka paa la ghala moja Tororo. Sikuvunjika, au niliambiwa sikuvunjika, nilikaa nyumbani mwezi mmoja nikapanda tena. Watu waliniuliza hali, nikasema nimepona. Mke wangu aliniuliza, nikasema nimepona. Na nilipona, isipokuwa hatua yangu ilikuwa imepungua inchi sita, na haikunijulisha.

Mwenzangu akaanza kuuzungusha utepe kwenye ubao wake. "Mimi niliona," akasema. "Tangu ile mwaka wewe natembea kidogo kidogo."

"Uliona? Miaka minane? Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama mbali, kule kwenye migomba. "Ningesema nini? Mutu nakwambia mimi nimepona, wewe namwambia hapana?" Akakuna shingo. "Na pia mabati ilikuwa inabaki. Mimi nilijenga nyumba ya kuku."

Nyumba ya kuku! Nikaanza kukumbuka. Kwa mteja wa Busia, jiko jipya la nje lililoezekwa vizuri. Kwa mteja mwingine, banda la mbuzi ambalo lingeweza kulaza watu. Kule Majanji, mfanyabiashara wa samaki aliyenishukuru kwa choo cha ziada. Kwa miaka minane nilikuwa nimetembea mpakani nikieneza vibanda vya watu wengine kwa gharama zao wenyewe, na kila mmoja wao alinipigia simu kunishukuru kwa ukarimu wangu.

Ningependa kusema nilicheka. Nilikaa kwenye rundo la matofali na macho yakanichoma, na haikuwa kwa sababu ya mabati. Madam aliona, akamtuma mwenzangu akachote maji kisimani, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Kisha akaketi juu ya matofali mengine, mbali kidogo.

"Nilipostaafu," akasema, "nilidhani bado naweza kusoma orodha ya majina bila miwani. Nilisoma majina ya watoto vibaya mbele ya wazazi, kwenye hafla yangu mwenyewe ya kuagwa. Hakuna aliyenisahihisha. Walinipigia makofi." Akainuka, akajipangusa vumbi la matofali. "Kazi ni yako, fundi. Mabati themanini na sita. Theluji naifuta. Na huo mguu uende hospitali, sitaki uniangukie hapa, nitamwambia nini mke wako?"

Tulianza kazi baada ya wiki tatu. Hospitalini nilipewa mazoezi ambayo siwezi kuyaeleza bila kudhihakiwa, nikayafanya mlango ukiwa umefungwa. Juu ya paa nilikaa katikati, mwenzangu akashika pembeni, mpango ambao yeye alikuwa ameupanga kimya kimya tangu zamani na mimi nilikuwa nikidhani ni bahati. Nilikisoma kile kitabu chote, mstari kwa mstari, mke wangu akinisaidia Kiingereza. Kwa haki ya Mungu, mengine yalikuwa mazuri. Kilikuwa kimekumbuka vitu ambavyo mimi huvikumbuka siku ya kuvihitaji. Lakini hakikusema neno juu ya upepo wa pale kilimani, kwa hiyo mbao tulizifunga kwa waya wa chuma hadi ndani ya kuta, na Madam akaongeza waya huo kwenye karatasi kwa kalamu yake.

Siku ya mwisho mabati yakaisha. Yaliisha kabla ya nyumba. Baraza lote lilikuwa wazi, likitazama mbingu.

Sijawahi kufurahia upungufu namna ile. Nilishuka ngazi kwa mwendo ambao daktari asingeuruhusu, nikampigia shemeji Malaba, honi za malori zikisikika nyuma yake.

"Simu yako imesahau baraza!" nikapiga kelele. "Baraza zima! Ile akili yako haijui baraza!"

"Pole, shem," akasema. "Hebu niulize. Baraza ulilipiga picha?"

Nikafungua mdomo kujibu. Siku ile Madam alikuwa amekaa barazani akichambua karanga, kitambaa kichwani, miguu ameinyoosha mkekani. Ningemwelekezeaje simu mama wa watu, mwalimu mkuu, kana kwamba naye ni sehemu ya jengo? Nilikuwa nimepita upande ule nikiwa nimegeuza uso. Na yeye na mwenzangu, walipopima, walizifuata kuta tu.

"Shem? Uko?"

"Mtandao ni mbaya huku," nikasema, nikakata.

Nilimweleza Madam yote, pamoja na sababu. Alinitazama, akatazama baraza, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyecheka mara chache kazini. "Kwa hiyo baraza langu limekosa paa kwa ajili ya adabu," akasema. Mabati kumi na mawili yaliletwa kesho yake kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumemaliza.

Mwezi uliofuata alituita kwenye ibada ya kubariki nyumba. Nilikwenda na mke wangu na shemeji, ambaye alivaa kama anayekwenda kupokea tuzo. Mwenzangu alikuja na suti ambayo sikujua anayo. Watu walijaa sebuleni na barazani, majirani, walimu wa zamani, waimbaji wawili wa kwaya, na mchungaji mmoja mwenye sala ndefu. Alikuwa amefika kwenye kuombea madirisha mvua iliposhuka. Ilishuka yote kwa pamoja, kama mtu amepindua tangi. Juu ya mabati mapya kelele zilikuwa nyingi hata nikaona midomo ya mchungaji ikicheza bila sauti. Hakukoma. Alifumba macho zaidi, akaendelea, na sisi tukasema amina kila alipoonekana kupumzika.

Mimi sikufumba macho. Nilitazama juu, kona baada ya kona, kila mahali ambapo maji hupenda kuingia. Upande wa pili wa chumba mwenzangu naye alikuwa akitazama juu. Madam alituona sote wawili, akaweka kidole mdomoni, kisha yeye mwenyewe akainua kichwa akaanza kukagua dari yake.

Hapakudondoka tone. Mvua ilipopungua sala ya mchungaji ilikuwa bado iko madirishani, na harufu ya kuku na ugali wa wimbi ilikuwa imefika sebuleni kabla yake.